Deni la Vidonge

Kijakazi alikuwa akipekua mifuko ya kanzu za mumewe kabla ya kuzitia kwenye mashine ya kufulia, kama afanyavyo kila Jumatano, vidole vyake vilipokutana na kifundo cha karatasi laini. Alidhani ni peremende. Alipokifungua alikuta vipande vitano vya vidonge vya manjano, nusu nusu, vimekatwa kwa kisu, na unga wake umeingia kwenye mikunjo ya karatasi. Alivitambua mara moja. Vilikuwa vidonge vya moyo, vile ambavyo daktari alimwandikia Mselem kimoja kizima asubuhi na kimoja kizima usiku, akamwambia mbele yake kwamba asikose hata siku moja.

Kijakazi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sasa yalimjia yote kwa pamoja: viatu ambavyo Mselem aliacha kuvivaa tangu mwezi uliopita, mito mitatu aliyoanza kuipanga kichwani akilala, na vile anavyosimama kwenye kila ngazi ya jengo lao la mtaa wa Sharafiya akijifanya anasoma matangazo ya ukutani. Yote hayo yeye Kijakazi aliyabebesha joto la kiangazi. Jedda ni joto, hata vijana huvimba miguu. Ndivyo alivyojiambia.

Alimkuta sebuleni, kipepeo cha mkono kifuani, redio ikisema peke yake.

"Baba Hamdan, hizi ni nini?"

Mselem alivitazama vile vipande kwenye kiganja cha mkewe, kisha akatazama dirishani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na nne, karani mstaafu wa ghala bandarini, mtu asiyejua kusema uongo vizuri.

"Dawa," akasema.

"Mbona nusu?"

"Nilihisi nzima inanizidi nguvu."

"Daktari ndiye aliyekwambia?"

Mselem akaongeza sauti ya redio. Kijakazi alikwenda chumbani, akalitoa boksi kwenye droo na kulisoma tarehe. Lilichukuliwa dukani mwishoni mwa Juni. Lilikuwa boksi la mwezi mmoja, na sasa Septemba ilikuwa imeingia siku ya tatu. Ndani vilibaki vidonge viwili.

Hakurudi sebuleni. Alisimama palepale na lile boksi mkononi. Miezi miwili na zaidi alikuwa akilala karibu na mtu anayekufa kidogo kidogo, naye akimlalamikia kwa kukoroma.

*

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa pili, baina ya ofisi ya kutuma pesa na duka la simu. Nyuma ya kaunta alikuwapo Abdelbagi, mfamasia wa Kisudani, kijana mpole aliyemjua Mselem kwa miaka. Kijakazi alimpa kadi ya bima na ile karatasi ya daktari. Nyuma yake watu sita walikuwa wamepanga foleni.

Abdelbagi alibonyeza kompyuta, akashusha sauti, lakini duka lilikuwa dogo. "Khala," akasema, kama anayemwita mama mdogo, "hapa panatakiwa riyali elfu tatu na mia sita."

"Kwa mwaka?"

"Kwa leo. Maboksi mawili haya."

Mtu mmoja nyuma alisonya. Mwingine, Mkenya aliyevaa sare ya ulinzi, akasema taratibu, "Wacheni mama aulize." Kijakazi alihisi uso unamuwaka chini ya nikabu. Mkobani alikuwa na riyali mia mbili na sabini.

"Lakini sisi tuna bima, mwanangu."

"Mnayo, na ni nzuri. Nisikilize, khala." Abdelbagi alichukua kalamu akachora mstari kwenye kipande cha karatasi. "Mwaka wa bima yenu unaanza Julai. Mgonjwa hulipa mwenyewe fungu lake mpaka lifike elfu tatu na mia sita. Likishafika, kampuni inabeba dawa zote mpaka Juni mwakani, hamtoi hata riyali. Ubaya wake, dawa ya mzee ni ghali, kwa hiyo fungu lote linaangukia maboksi mawili ya mwanzo."

"Na asiyekuwa nazo?"

"Kuna mpango wa wazee. Hutoi kitu hapa kaunta. Unachukua dawa leo, na kampuni inaligawa fungu lako kwenye miezi iliyobaki. Iliyobaki ni kumi. Mia tatu na sitini kila mwezi. Bei haipungui, lakini pia haiongezeki. Hakuna riba."

Kijakazi alishusha pumzi. Mia tatu na sitini zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa na umbo. Mtu aliweza kuzishika. "Basi tuandike huo mpango."

Abdelbagi aliweka kalamu chini. "Mzee lazima akubali mwenyewe. Na mwenye bima, mwanawe, lazima aidhinishe kwa namba inayotumwa kwenye simu yake." Akasita. "Khala, mimi nilimweleza mzee haya yote Julai. Alikuja hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hakopi, akarudisha boksi kwa mkono wake mwenyewe."

*

"Kwa hiyo ulijua," Kijakazi alimwambia mumewe. "Julai ulijua."

Mselem alikuwa ameegemea mito. Sauti yake ilikuwa inatoka kwa vipande siku hizi, kama anayezungumza huku anapanda mlima. "Nilijua."

"Ukaona bora ufe."

"Niliona bora nisife na deni." Akanyamaza apate pumzi. "Wewe ulikuwepo alipokufa baba yangu?"

"Sikuwepo. Nilikuwa sijaolewa."

"Basi sikiliza. Jeneza liko mbele yetu, msikiti umejaa, imamu akauliza kama maiti ana deni. Mtu mmoja akainuka safu ya tatu. Akasema, huyu namdai riyali mia nne. Mimi kijana wa miaka ishirini, sina hata kumi. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikasimama mbele ya jeneza nikasema nitalipa mimi. Nililipa miaka mitatu, Kijakazi. Na kila siku ya miaka ile mitatu nilikuwa nikijiuliza yuko vipi huko aliko." Akajipangusa midomo. "Mimi moyo wangu huu. Miezi kumi nitaifika? Niandikishe deni la miezi kumi mtu ambaye sijui kama nitaiona Ijumaa ijayo?"

"Ukinywa dawa utafika."

"Na nisipofika, Hamdan ndiye atakayesimama."

Kijakazi alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwambia kwamba anayekata dawa yake kwa kisu naye ana hesabu ya kutoa kwa Mungu. Lakini alimwona anavyovuta hewa, mabega yanapanda na kushuka, akaogopa kwamba hata ubishi huu unamla. Akamfunika miguu, akatoka kwenye ngazi, akampigia mtoto wao.

Hamdan alikuwa Riyadh, mhasibu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Ikama za wazazi, yaani vibali vyao vya ukaazi, na bima zao zote zilikuwa chini yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga baada ya adhuhuri, akapiga baada ya magharibi. Alhamisi vilevile. Alituma ujumbe wa sauti: "Hamdan, nipigie, mwanangu, jambo la baba yako." Zile alama mbili zikageuka buluu. Amesikia. Hakupiga.

Hapo hofu ya pili ikamwingia Kijakazi, akawa sasa hajui aogope lipi mwanzo.

*

Ijumaa, watu wako msikitini na mtaa umekuwa kimya, Mselem alianguka akijaribu kuvaa kanzu. Hakuzimia. Ilikuwa mbaya zaidi ya kuzimia: alikaa chini macho wazi, mdomo wazi, akitafuta hewa iliyokuwa imejaa chumba kizima. Midomo ilibadilika rangi.

Kijakazi alishuka ngazi bila kukumbuka kufunga mlango. Nje hapakuwa na teksi. Palikuwa na Nehemiah tu, dereva wa Kikenya wa familia ya ghorofa ya chini, ameketi kwenye gari anawasubiri mabosi wake watoke msikitini.

"Nehemiah! Mzee wangu! Mzee wangu anakufa!"

Kijana aliruka nje. "Ako wapi, mama?"

Alimbeba Mselem mgongoni, akamshusha ghorofa tatu, akamlaza kiti cha nyuma, akamwambia Kijakazi amshikilie akae wima. "Usimlaze kabisa, mama. Mshikilie hivyo hivyo. Ongea na yeye."

"Bosi wako je? Akitoka akakosa gari?"

"Bosi atanifokea. Atanyamaza." Alikuwa ameshaingia barabarani. "Nikifukuzwa nimefukuzwa. Ongea na yeye, mama, asilale."

Kijakazi aliongea. Hakujua alichokisema. Alimsomea, akamsimulia, akamgombeza, akamwambia kanzu amevaa upande. Mkono wa Mselem ulikuwa umelowa na baridi ndani ya mkono wake.

Hospitalini walimvisha barakoa ya hewa, wakamchoma sindano, wakamtoa maji yaliyokuwa yamejaa kifuani. Baadaye daktari alikuja na faili, mwanamke mwenye macho ya uchovu. Alizungumza Kiarabu cha harakaharaka.

"Dawa zake za moyo alikuwa anazinywa?"

Kijakazi aliinamisha kichwa. Kitanda cha Mselem kilikuwa hatua mbili tu, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanamtazama.

"Nusu," akasema.

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya kila kidonge. Tangu Julai."

Daktari akaandika. Alikuwa ameshalisikia jibu hilo kabla, ilionekana, na hilo lilimtia Kijakazi aibu kuliko kama angekaripiwa. "Safari hii amewahi," akasema. "Simruhusu kutoka mpaka nione boksi zima mkononi mwako. Akirudi kwenye nusu, msiniletee. Hamtanikuta na la kufanya."

Nehemiah alikuwa ameondoka zamani. Bosi wake alimfokea kweli, hata majirani walisikia, lakini hakumfukuza.

*

Jumamosi binti yao Ibtisam, aliyeolewa mtaa wa Al-Safa, alikuja kukaa na baba yake. Kijakazi alipanda basi la Riyadh jioni ile. Hakuwahi kusafiri peke yake maisha yake yote. Alikaa karibu na dirisha na mkoba kifuani, na kila simu ya abiria yeyote ilipolia alidhani ni Ibtisam.

Asubuhi, kwenye ofisi za kampuni, msichana wa mapokezi alimtazama baibui lake lililokunjika kwa safari. "Hamdan Mselem? Uhasibu wameufunga. Angalia yadi, nyuma."

Yadi ilikuwa uwanja mkubwa wa saruji na mabomba. Kijakazi alimtafuta mtu aliyevaa shati na tai. Hamdan ndiye aliyemwona mwanzo. Alikuwa amevaa ovaroli ya kijani, ana fomu za kupakia mizigo mkononi, amekonda na ndevu hazina mpangilio. Alisimama kama aliyeona mzuka.

"Mama? Baba amekufa?"

"Hajafa. Mbona hupokei simu?"

Alimvuta pembeni, kwenye kivuli cha lori. Hakumbusu mkono kama kawaida yake. Alikuwa anaona haya hata kumkaribia.

"Nilidhani unataka pesa," akasema. "Mwaka jana fungu la Baba nililitoa mimi, mwaka huu sina, Mama. Miezi saba wananipa nusu mshahara. Walifunga uhasibu, wakaniambia nikitaka kubaki nisimamie upakiaji. Tunalala watu sita chumba kimoja. Nikiona jina lako kwenye simu naigeuza kifudifudi. Nitakwambia nini?"

"Ungeniambia hivyo unavyoniambia sasa." Kijakazi alimshika mkono. "Kwa nini usihame? Una cheti, una Kiingereza. Riyadh nzima hakuna kazi nyingine?"

"Ipo." Hamdan alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mwezi wa tano nilipata. Mshahara mara mbili ya nilivyokuwa nikipata mwanzo. Wakanipa fomu ya bima, nikajaza magonjwa ya Baba. Baada ya wiki wakajibu: wewe karibu, mama yako karibu, baba yako bima yetu haimchukui." Aliinama akaokota kipande cha saruji, akakitupa. "Hawa wa hapa walimpokea zamani, kabla hajaugua. Nikitoka hapa, Baba hana bima tena popote. Boksi moja la ile dawa, bila bima, unajua ni kiasi gani?"

Kijakazi hakujua, wala hakutaka kujua. Alisimama baina ya malori na joto kavu la Riyadh, akaelewa kwamba mtoto wake alikuwa amejifunga kamba kwenye mlango wa kampuni inayomnyima haki yake, ili tu mlango usifungwe kwa baba yake. Na kampuni yenyewe inaweza kufa kesho.

"Wakifunga kabisa?" akauliza.

"Usiniulize hilo, Mama. Wallahi usiniulize. Ndilo linaloniamsha kila siku."

Walitazamana, wote wawili na hofu ileile, kila mmoja akitumaini mwenzake ana jibu. Kisha Kijakazi akajikaza.

"Mimi sikuja kutaka pesa. Nilitaka tarakimu nne tu, watakazokutumia kwenye simu yako. Mengine niachie."

Walikaa kwenye ngazi ya kontena, wakapigia kampuni ya bima, wakasubiri dakika arubaini wakisikiliza muziki. Tarakimu zilipokuja, Hamdan alizisoma kwa sauti ya mtoto wa shule. Mwanamke wa upande wa pili akasema bado inatakiwa idhini ya mgonjwa mwenyewe.

"Usimwambie Baba kuhusu kazi," Hamdan akasema alipokuwa akimpandisha teksi.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nina kazi nyingi."

*

Mselem alikuwa ameketi kitandani, barakoa wameshamtoa, mrija mwembamba puani. Ibtisam alikuwa akimmenyea chungwa. Kitanda cha pili alilala mzee wa Kiyemeni, macho yamefumbwa.

"Hamdan hajambo?" ndilo la kwanza aliloliuliza.

"Hajambo. Ana kazi nyingi." Kijakazi alivuta kiti akakaa karibu. Alikuwa na mpango alioupanga njia nzima, na aliogopa kwamba akiuchelewesha utamtoka. "Ameshaidhinisha. Umebaki wewe."

"Nilishasema."

"Ulisema, nami nilisikia. Sasa nisikilize mimi. Unaogopa kufa na deni. Basi deni lisiwe lako. Mimi ninakudhamini. Zote elfu tatu na mia sita, mwezi hadi mwezi. Ibtisam ni shahidi."

"Na mimi pia," mzee wa Kiyemeni akasema kwa Kiarabu, macho bado yamefumbwa. Baadaye ilijulikana kwamba alikulia Dar es Salaam na Kiswahili anakisikia chote.

Mselem alimtazama mkewe kana kwamba amezungumza lugha ngeni. "Kwa pesa gani?"

"Kwa sindano yangu. Abu Nasser wa duka la mabaibui amekuwa akinitaka miaka mingi nimpindie mapindo. Riyali nane kila baibui. Mabaibui arubaini na tano kwa mwezi."

"Macho yako yale?"

"Nitavaa miwani."

"Na ukitangulia wewe?"

Kijakazi alifikiri kidogo. Hilo hakulipanga kwenye basi. "Basi tutakuwa wawili tunadaiwa, na Mwenyezi Mungu anajua tulikuwa tunatafuta dawa, hatukuwa tunatafuta dhahabu." Sauti ikamkatika, akaogopa kwamba atalia mbele ya watu, akalia. "Mimi sijui kukaa nyumba ile peke yangu, Mselem. Wewe unaogopa utakapokuwa kaburini. Mimi naogopa jikoni kwangu. Naogopa chai ya asubuhi. Umelifikiria hilo ulipokuwa ukikata vidonge?"

Ibtisam aliacha kumenya chungwa. Miaka arubaini na sita Mselem hakuwa amemsikia mkewe akisema neno kama lile. Akanyoosha mkono wenye sindano ya dripu, Kijakazi akaupokea.

"Piga hiyo simu," akasema.

Mwanamke wa bima alimuuliza jina, namba ya ikama, mwaka wa kuzaliwa. Akamuuliza kama ameelewa kwamba akikosa kulipa baada ya kukumbushwa atatolewa kwenye mpango na kutakiwa fungu lote. Mselem alimtazama Kijakazi. "Nimeelewa," akasema. "Ndiyo. Nakubali."

*

Ujumbe wa bima uliingia kwenye simu ya Kijakazi kila tarehe mosi, na kila ulipoingia moyo ulimruka kana kwamba hakuutarajia. Alishona sebuleni, karibu na dirisha, rundo la vitambaa vyeusi mapajani. Nyeusi juu ya nyeusi ni adhabu ya macho. Abu Nasser alikuwa na tabia ya kuvuta kila pindo mbele ya wateja, na akiona mshono mmoja umelegea alilirudisha baibui zima bila kulilipa. Kijakazi hakujibu. Alikuwa mama mtu mzima, mke wa karani wa bandari, na alisimama pembeni ya kaunta mpaka wateja wote waishe ndipo alipwe chake.

Mselem, sasa akinywa vidonge vizima, alianza tena kuvaa viatu. Alishuka ngazi na kupanda. Lakini furaha ya Kijakazi haikukaa, kwani kila Hamdan alipopiga simu yeye aliusikiliza ule ukimya kabla ya salamu, akitafuta ndani yake habari kwamba kampuni imefunga. Miezi ilipita hivyo, hofu mbili kwenye nyumba moja, moja wanaizungumza, nyingine anaibeba peke yake.

Sikukuu ilipokwisha, Aprili, biashara ya mabaibui ililala. Zilipungua riyali mia na kumi, na ujumbe wa kukumbushwa ukaja, wenye herufi nyekundu. Kijakazi alikwenda kwa Abu Nasser kuomba malipo ya awali.

"Mimi siyo benki," Abu Nasser akasema.

"Nitakushonea ishirini bila malipo."

"Ishirini kwa mia na kumi? Umezidisha hesabu, mama."

"Najua nimezidisha. Nipe."

Alimpa. Kijakazi alilipa siku hiyohiyo, dakika chache kabla ofisi ya bima haijafungwa, kisha akasimama kwenye kivuli cha jengo, akaikunja stakabadhi na kuitia mkobani.

Mselem alimwona mwezi ule jinsi alivyokuwa akishona na machozi yanamtoka kwa kuchoka macho. Kesho yake alivuta kiti, akachukua sindano, akaanza kumtungia uzi, moja baada ya moja, kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Siku moja, bila kuinua macho, akasema, "Hamdan wanampa nusu, sivyo?"

Sindano ilimchoma Kijakazi kidole. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mtoto hana kazi nyingi kiasi cha kutokuja hata Sikukuu." Akatunga uzi mwingine. "Bima ndiyo inayomshika. Ni mimi."

Kijakazi alingoja aseme maneno ya kukata tamaa. Alimtazama mkono kama utakwenda tena kwenye kisu. Lakini Mselem aliendelea kutunga, na mwisho akasema tu, "Basi ni lazima niishi. Haiwezekani mtoto ateseke hivyo, halafu mimi nife kwa ujeuri."

Mwishoni mwa Juni, malipo ya kumi yakiwa yameshalipwa, waliongozana mpaka duka la dawa. Abdelbagi alitoa stakabadhi, akampa Mselem ashike. Hakuna kinachodaiwa, iliandikwa. Mselem aliisoma mara mbili, akamkabidhi mkewe.

"Sasa, ammi," Abdelbagi akasema kwa uangalifu, "wiki ijayo mwaka mpya wa bima unaanza. Fungu linarudi pale pale. Kampuni ya Hamdan imelipia mwaka mwingine, nimeona kwenye mtandao, ingawa wamelipia siku ya mwisho. Ukitaka kujiunga tena na mpango, unaweza kujiunga mapema. Au usubiri kwanza, uone hali."

Kijakazi alikuwa ameshafungua mdomo aanze kusihi. Nyuma yao foleni ilikuwa inasonya.

"Safari hii ni miezi mingapi?" Mselem akauliza.

"Kumi na miwili. Mia tatu kila mwezi."

Mselem aliweka kadi yake juu ya kaunta. Kijakazi aliyekuwa karibu naye alisikia pumzi zake fupifupi, akajua kwamba mumewe anaogopa sawasawa na alivyoogopa mwaka jana, labda na zaidi.

"Andika yote kumi na miwili," akasema.